Risiti ya Mwaka 125

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimekuja kuchukua riba yangu."

Riba gani tena? Ofisi yetu hapa Moshi mjini inatengeneza programu tu. Kahawa hununuliwa na mteja wetu. Mzee alikuwa ameteremka kutoka Kibosho, kule alikouza wakamwambia mwenye makosa ni mtambo, na wenye mtambo ni sisi. Akaikunjua risiti: kahawa ya maganda, tarehe 4/9/125.

"Kahawa mmeichukua mwaka 125. Leo ni 2025. Miaka 1900 sijalipwa. Pigeni hesabu."

Aliuza Alhamisi, Oktoba 16. Nikaelewa palepale. Kwenye Date, kifaa cha tarehe cha Java, lugha tuliyoandikia programu, amri ya getYear hukupa mwaka ukishatolewa 1900. getMonth huihesabu Januari kuwa 0, kwa hiyo Oktoba ni 9. Na getDay, usidanganyike na jina, haitoi tarehe bali siku ya juma: Jumapili 0, Alhamisi 4. Zote tatu watu walishakatazwa kuzitumia tangu toleo la Java liitwalo JDK 1.1, mwaka 1997, kabla kijana wetu wa fildi hajazaliwa.

Tena nilikuwa nimemwandikia mwongozo! Kila methodi, yaani amri kama hizo tatu, iliyopitwa na wakati, na mifano: juu USITUMIE HIVI, chini yake njia mpya, LocalDate, iliyokuja na Java 8. Bwana mdogo akanakili mfano wa kwanza aliokutana nao. Kompaila, ile inayotafsiri programu kwa lugha ya mashine, ikanung'unika, ikapitisha. Na yale majina ya methodi kukatwa mstari katikati kwenye skrini, hakuona?

"Niliona, kaka. Nilidhani ni urembo."

Mzee akaingilia. "Kama ni mbovu, mbona hawazifuti?"

Nikamweleza kwamba ziko programu za zamani zinazozitegemea, zikifutwa zitakwama.

"Aah! Kama mwenyekiti wetu wa ukoo. Tulishamstaafisha, ila kikao hakianzi mpaka afike."

Akapewa risiti nyingine, riba akatusamehe kwa soda mbili. Bosi akaagiza mifano mibaya ifutwe yote. Nikagoma: utamkataza mtu kitu bila kumwonyesha? Tukakubaliana mifano mizuri ikae juu, mibaya ishuke mwisho kabisa wa mwongozo.

Kijana wa fildi aliyefuata akaanza kunakili kutoka ukurasa wa mwisho.

"Kaka, si majibu huwa nyuma ya kitabu?"