Trekta Lina Breki, Ila Mpaka Lipende

Jamani, jiwe nalo ni spea siku hizi? Nendeni miteremko ya Ngaramtoni, kule Arusha, mkaone: trekta linashuka na trela la mahindi, utingo nyuma kabeba jiwe juu juu la kutupia chini ya tairi, mbio za mwenge hizo! Mwenye trekta ukimwambia breki zimekwisha anakujibu, "Mbona linasimama?" Linasimama, ndiyo. Kwenye ukuta wa nyumba ya watu.

Na madereva nao! Massey Ferguson 135 lina pedeli mbili za breki, ya tairi la kulia na ya tairi la kushoto, za kukatia kona shambani. Barabarani unazifunga pamoja kwa kikomeo chake. Thubutu! Kikomeo kimeshika kutu, jamaa anakanyaga moja, trekta linapinda kusalimia mtaro.

Siku wakiamua kutengeneza, mbio mjini kununua lainingi, ile bitana ngumu inayosugua kusimamisha tairi. Fungua dramu kwanza, baba, lile bakuli la chuma linalofunika breki! Ukikuta vumbi kavu, sawa, zimelika. Ukikuta mafuta yanang'aa, hiyo ni oil sili ya ekseli, mpira wa kuzuia oili, imekufa, na lainingi mpya utazilowesha tu. Wajuaji wao wanazimwagia petroli wanazichoma. Juu zinakauka, zikipata joto mafuta yanachuruzika tena. Halafu nani alijaza oili ya giaboksi ikapita alama ya kijiti cha kupimia, ikasukumana hadi kwenye ekseli? Kimya.

Kufungua kwenyewe vita. Piga kabari magurudumu ya mbele, jeki, kisha stendi ya chuma chini ya ekseli. Si matofali, tafadhali! Na tairi la nyuma lenye maji ndani halishushwi na mtu mmoja. Dramu ikigoma usiitwange nyundo ikapasuka; legeza kwanza kirekebisho, kile kigurudumu cha meno cha kukaza breki, maana dramu iliyolika huota ukingo unaong'ang'ania viatu vya breki, vyuma vinavyobeba lainingi. Vumbi usilipulize kwa kompresa, lainingi nyingi za zamani zina asbesto, nyuzi zinazoharibu mapafu. Futa kwa kitambaa kibichi.

Riveti za kubana lainingi kwenye kiatu anzia katikati ukienda pembeni, la sivyo lainingi inabinuka. Vichwa vizame: kikitokeza kimoja tu, kinachora dramu mifereji. Na ubadilishe pande zote mbili. Eti "tuanze na huu"! Kwani linatembea na tairi moja?

Rudisha dramu na tairi. Likiwa bado hewani, zungusha kirekebisho kwa bisibisi mpaka ligome, rudisha meno machache lizunguke huru. Shusha, funga pedeli pamoja, endesha kwenye vumbi la uwanja tambarare, kanyaga. Michirizi ya tairi ilingane. Upande mmoja ukizidi, rudi chini ya trekta.

Pesa ya oil sili hakuna, ila honi ya basi wamefunga.