Cheo cha Afisa wa Jeshi: Darasa Lina Uzito Gani Mbele ya Medani?

Katika kijiwe kimoja cha kahawa Ngamiani, hapa Tanga, yuko mzee ambaye kila anayepita humsalimu kwa jina la "afande", ingawa alistaafu akiwa sajenti na hakuwahi kuwa afisa. Mjukuu wake amemaliza shahada ya kwanza, amepitia mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Maramba, na sasa anatamani kwenda Monduli kusomea uafisa. Mzee analifurahia jambo hilo bila kinyongo, lakini jioni moja aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu pale pale. "Mwanangu," alisema, "mimi cheo cha koplo nilikingoja miaka mingi. Huyu akifaulu kozi yake anatoka na nyota begani, na kama ningekuwa bado kazini ningempigia saluti. Saluti siikatai, ndiyo jeshi. Ninachotaka kujua ni kitu gani alichokisoma kinachompa amri juu ya mtu aliyekwisha kuiona vita."

Swali hilo lina umri mkubwa kuliko jeshi letu lenyewe. Neno "afande" limetokana na "efendi", cheo kilichokuja pwani hii pamoja na askari wa Kisudani ambao Mjerumani Hermann von Wissmann aliwaleta mwaka 1889 kupambana na Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani. Katika jeshi la Wajerumani, efendi ndicho kilikuwa cheo cha mwisho ambacho Mwafrika angeweza kukifikia, awe hodari kiasi gani na awe ametumikia miaka mingapi. Waingereza nao katika KAR (King's African Rifles), jeshi lao la kikoloni la Afrika Mashariki, waliwafikisha Waafrika kwenye usajenti na uafisa mteule, wakakikumbuka cheo cha efendi ukoloni ulipokuwa unakaribia kwisha. Kwa hiyo, tangu mwanzo, askari wa nchi hii aliijua jeshini milango ambayo juhudi peke yake haikuweza kuifungua. Hilo lafaa kukumbukwa leo tunapouweka mlango mwingine, wa cheti, hata kama huu wa sasa umewekwa kwa nia njema.

Januari 20, 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza. Wengi wao walikuwa watu wa utumishi mrefu. Upande wa pili palikuwa na vijana wachache mno wa Kitanganyika waliopata mafunzo ya uafisa Sandhurst, chuo cha kijeshi cha Uingereza, miongoni mwao Alexander Nyirenda, aliyepandisha bendera na Mwenge juu ya Kilimanjaro usiku wa uhuru, na Mrisho Sarakikya. Jeshi jipya lilipoundwa Septemba 1 mwaka huohuo, aliyekabidhiwa uongozi wake alikuwa Sarakikya, ambaye miezi michache kabla ya hapo alikuwa kapteni. Serikali iliamua kwamba jeshi litakaloanza upya lianze na mtu aliyesomea kazi hiyo, na kwa maoni yangu iliamua sawasawa.

Sababu ya kuuona uamuzi huo kuwa sahihi ni kwamba kazi ya afisa haikui tu kadiri anavyopanda cheo, bali hugeuka kuwa kazi nyingine kabisa. Luteni usu huongoza platuni ya watu kama thelathini. Anawaona kwa macho, anawajua kwa majina, na ujasiri wake huonekana na kila mmoja wao. Kanali anayesimamia brigedi, yaani kikosi cha maelfu ya askari, hawaoni watu wake. Anachokiona ni ramani, taarifa za redioni, hesabu ya mafuta, risasi na dawa, magari mabovu, na daraja ambalo halibebi kifaru. Mtu aliyekuwa simba katika platuni anaweza kupotea kabisa mbele ya mambo hayo, na watakaolipia upotevu wake ni vijana walioko mbele. Mwaka 2013 Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania alipewa kuiongoza Brigedi ya Kuingilia Kati ya Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo, yenye vikosi vya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kazi ya namna hiyo humtaka kamanda aelewe azimio la Baraza la Usalama, sheria za vita, taratibu za majeshi ya nchi nyingine na lugha ya wanadiplomasia, na hayo hayapatikani handakini. Ndiyo maana ngazi ya masomo imejengwa kama ilivyo: Monduli kwa kupata kamisheni, Chuo cha Ukamanda na Unadhimu (yaani kazi ya kupanga na kuratibu vita) cha Duluti kwa maafisa wa kati, na Chuo cha Taifa cha Ulinzi cha Kunduchi, kilichofunguliwa mwaka 2012, kwa wale wanaoandaliwa kwa nafasi za juu kabisa.

Wanaotetea medani nao wana ushahidi, na hauhitaji kutafutwa mbali. David Musuguri aliingia KAR mwaka 1942 kama askari wa kawaida, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, na katika vita vya Kagera dhidi ya Uganda ya Idi Amin aliiongoza Divisheni ya 20. Usiku wa Machi 10, 1979, huko Lukaya, Brigedi ya 201 ilirudi nyuma kwa vurugu mbele ya mashambulizi ya askari wa Amin na Walibya waliokuja kumsaidia. Kulipopambazuka brigedi hiyo ilikuwa imejipanga upya na kushambulia kutoka mbele, huku Brigedi ya 208 ikiingia kwa ubavuni, na mapigano yakageuka. Kuituliza brigedi iliyokwisha kukimbia na kuzioanisha brigedi mbili ndani ya saa chache ni unadhimu wa hali ya juu, na Musuguri aliyeuonyesha alitoka chini kabisa. Mwaka uliofuata akawa Mkuu wa Majeshi. Hata hivyo, adui aliyekuwa anapigana naye alitoka chini vilevile: Idi Amin aliingia KAR mwaka 1946 akiwa na elimu ndogo sana, akapewa uefendi mwaka 1959 na uluteni mwaka 1961, na kufikia mwaka 1968 alikuwa meja jenerali. Waliompandisha walihitaji maafisa Waafrika kwa haraka, wakapima nguvu na utii, na hawakupima akili ya kutawala watu. Njia ileile ilimtoa Musuguri na ikamtoa Amin, na kwa hiyo utumishi mrefu peke yake hautoshi kuwa kipimo.

Sisi wa Tanga tunao mfano ulio mlangoni petu, na nadhani ndio unaofundisha zaidi. Mapema Novemba 1914 Waingereza waliteremsha Ras Kasone kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Mjini walikuwapo watu wapatao 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Kwa hesabu ya miaka ya utumishi Aitken hakuwa na upungufu wowote, kwani alikuwa na karibu miaka 35 jeshini India. Tatizo ni kwamba aliichukua miaka hiyo akaja nayo Tanga kana kwamba Tanga ni India. Afisa wa KAR alimwonya asiwadharau askari wa Kijerumani, naye hakusikia. Askari wake walikuwa wamekaa baharini zaidi ya majuma mawili, naye akawaingiza vichakani bila kuipeleleza ardhi vizuri. Lettow-Vorbeck alikuwa mtu wa shule, aliyewahi kutumika katika Unadhimu Mkuu wa Ujerumani, lakini pia alikuwa amepigana China na Afrika ya Kusini-Magharibi (Namibia ya leo), katika vita ambavyo haviwezi kutajwa bila aibu kwa yale waliyotendewa Waherero. Usiku kabla ya mapigano makuu alipanda baiskeli pamoja na wenzake wachache, akaingia mjini kimya kimya hadi karibu na bandari, akaziona taa za meli na kuisikia kelele ya kuteremshwa askari. Askari wake wengine alikuwa amewaleta kwa reli ya Usambara. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 800 kwa kuuawa na kujeruhiwa, wakaondoka wakiacha bunduki na risasi nyingi ufukweni. Watu hupenda kuwataja nyuki waliowavamia wapiganaji siku ile, lakini nyuki hawakumchagulia mtu yeyote mahali pa kuweka bunduki za mashine.

Katika kisa hicho mwenye elimu ndiye aliyekwenda kuona kwa macho, na mwenye miaka mingi kazini ndiye aliyebaki na dhana zake. Elimu ya kijeshi iliyo hai humtia afisa wasiwasi juu ya asichokijua, nayo inapaswa kupimwa kwa hilo. Mzee wa Ngamiani ana kumbukumbu yake mwenyewe ya jambo hili. Akiwa Kagera alipewa kiongozi kijana aliyetoka masomoni karibuni. Usiku mmoja, mbele ya mto, luteni huyo alimvuta pembeni akamnong'oneza: "Sajenti, hapa wewe ungepita wapi?" Mzee alipokuwa ananisimulia alivipanga vikombe vya kahawa juu ya benchi, kimoja kikiwa luteni, kingine yeye, na kipande cha kashata kikiwa ukingo wa mto, akanionyesha walikopita. Walivuka wote. "Aliniuliza mbele ya giza," alisema, "lakini asubuhi amri aliitoa yeye, na lawama angeibeba yeye."

Palipo na hatari zaidi, kwa maoni yangu, si kwenye vyuo vyenyewe, bali kwenye orodha ya wanaopelekwa. Pale ambapo kozi ya unadhimu ni sharti la kupanda vyeo vya juu, kikao kinachochagua nani aende kozi ndicho hasa kinachochagua makanali wa miaka kumi ijayo, ingawa hakiitwi kikao cha vyeo. Afisa aliyebaki mpakani kwa sababu mkuu wake hawezi kumwachia ataonekana amechelewa, na mwenzake wa makao makuu atakuwa na cheti. Marekani ililiona jambo linalofanana na hili baada ya sheria ya mwaka 1986, iliyowataka maafisa wanaotazamia ujenerali wawe wamefanya kazi katika nafasi zinazounganisha matawi ya jeshi. Sheria ilisaidia matawi kuelewana, lakini pia iliwafanya maafisa wengi wakimbilie nafasi hizo ili zionekane kwenye kumbukumbu zao. Sharti lolote la kupanda cheo hugeuka haraka kuwa kitu cha kutafutwa kwa ajili yake chenyewe.

Liko pia suala la lugha, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Amri zetu ni za Kiswahili, kuanzia "mguu sawa" ya gwaride hadi maelekezo ya medani, lakini kozi za juu zinazochanganya maafisa wa nchi mbalimbali huendeshwa kwa Kiingereza. Afisa mwenye fikra kali na Kiingereza cha kubabaisha anaweza kuonekana mzito darasani. Siombi Kiingereza kiondolewe, kwa kuwa Kongo na Darfur kilihitajika kila siku. Naomba tu kipimwe peke yake, kisije kikahesabiwa kuwa ndiyo akili ya ukamanda.

Kwa hiyo nilimrudia mzee na jibu hili. Kwa vyeo vya chini, hadi ukapteni, ningependa uzito mkubwa uwe kwenye uongozi wa watu, na hakuna afisa ambaye angepelekwa masomo marefu kabla ya kukaa na platuni muda wa kutosha kujulikana nayo. Kuanzia umeja, masomo yawe sharti bila msamaha, ila nafasi zake zitolewe kwa mtihani ulio sawa kwa aliyeko mpakani na aliyeko ofisini. Njia ya sajenti hodari kuingia uafisani ibaki wazi kwa vitendo, naye asaidiwe kielimu mapema badala ya kukataliwa baadaye kwa kukosa elimu.

Nilipendekeza pia kwamba katika kumpima luteni, masajenti wake waulizwe. Hapo mzee alinikatalia. Alisema sajenti akiulizwa, luteni mkali atasemwa vibaya na luteni laini atapandishwa, na vita havitaki laini. Nimelifikiria tangu siku ile na bado naamini waulizwe, lakini kwa swali moja tu, la kama wangekubali kuvuka naye mto usiku.