Fundi asiachiwe pengo la fidia
Makala yenu kuhusu ajali ya ujenzi imeeleza vizuri jinsi mkandarasi mkuu na mkandarasi mdogo (aliyepewa na mkuu sehemu ya kazi) wanavyotupiana mpira baada ya jukwaa la ujenzi kuporomoka na fundi kuumia. Ila imeruka jambo ninaloliona kubwa kuliko yote: mahakama ikisema huyu ana asilimia 60 ya kosa na yule 40, kisha yule wa 60 akafilisika, nani anabeba pengo? Pale sheria inapowafanya wawajibike kwa pamoja na kila mmoja peke yake, majeruhi humdai fidia yote yeyote mwenye uwezo, naye ndiye amfuate mwenzake amrudishie fungu lake. Pale kila mtu anapolipa fungu lake tu, hasara humwangukia aliyevunjika mguu. Hilo la pili si haki hata kidogo. (Kwa hasara ya mali tu, kama ukuta uliopata ufa, labda.)

Na ninyi mnaosema fundi hakufunga mkanda wa usalama kwa hiyo asilipwe: Uingereza iliachana na fikra hiyo kwa sheria ya mwaka 1945. Fidia hupunguzwa kulingana na sehemu yake ya kosa, haifutwi. Tena ulizeni kwanza, mkanda wenyewe alipewa?