Jambazi wa Kiti cha Dirishani

Kabla hamjaendelea kusambaza ile sauti ya WhatsApp aliyorekodi kinyozi wangu kuhusu yaliyonipata kwenye basi, sikilizeni na upande huu. Sikulia. Sikuingia chini ya kiti. Na suruali ililowa maji ya kunywa. Chupa ninayo, kifuniko ninacho, anayetaka ushahidi aje kibandani kwangu Mwanjelwa.

Mnaonifahamu mnajua kazi yangu ni saa. Mnajua pia nina ndugu yangu tuliyekua naye Tukuyu, sasa yuko Texas, anakusanya bastola kongwe, zile za mwanzo mwanzo zinazojipakia zenyewe. Huko kwao ruksa, msianze. Yeye ana hela, mimi nina jicho. Anatuma picha, mimi natoa hukumu. Chuma ni chuma tu: skrubu ya saa ukiipasha moto inapita kwenye unjano wa majani makavu, ikikaribia nyuzi 300 inageuka bluu, na kule Oberndorf, Ujerumani, kiwanda cha silaha cha Mauser kilipata bluu ya vipande vidogo kwa moto huo huo. Mtu akiisugua bastola na kuitia rangi upya, pembe zake zinalegea na mihuri inafifia, na thamani inaporomoka. Mimi hilo naliona hata kwenye picha ya WhatsApp iliyobanwa mpaka imekonda. Ndiyo, nimejisifu. Tuendelee.

Jumamosi natoka Iringa narudi Mbeya. Miguuni nina shangazi kaja limejaa saa za kengele za mzee mmoja wa Gangilonga, za kutia ufunguo, anataka zote zifufuliwe. Tumeshapita Nyororo, simu inaita. Ni Texas. Kwao asubuhi, yuko kwenye maonyesho ya silaha, ameshika bastola ya Mauser C96, muuzaji anataka dola 2,500 na mnunuzi mwingine yuko nyuma yake anakohoa. Eti ni "tisa nyekundu".

Hapa lazima niwaeleze. Mwaka 1916 jeshi la Ujerumani liliagiza bastola hizi 150,000 za risasi ya milimita 9, wakati zile za kawaida zilikuwa za 7.63. Ili askari asije akachanganya risasi vitani, mpini ukachongwa tarakimu 9 kubwa, ikatiwa rangi nyekundu. Basi matapeli nao wanachukua ya kawaida, wanachonga 9 yao, wanapaka, bei inaruka.

Mtandao pale barabarani unakuja na kuondoka, kwa hiyo nilipaza sauti. Nani kwenye basi hapazi sauti? Nawapa maneno yangu kama yalivyotoka, bila majibu ya mwenzangu, maana abiria ndivyo walivyoyapata:

"Usimlipe! Hela kaa nayo mpaka mimi niseme!"

"Namba ya kwenye nyundo na ya kwenye mwili zinafanana? Zimekwanguliwa? Basi huyo mwizi!"

"Risasi kumi, ndiyo, zinaingia kwa juu. Hilo najua, usinifundishe."

"Tai yupo? Pale mbele ya magazini. Bila tai hatufanyi kazi!"

"Hapana, elfu nyingi mno! Sisi tunataka mia tano tu!"

Tai ni muhuri wa jeshi la Ujerumani, unagongwa kwenye chuma. Hiyo ya mwisho ilikuwa kilengeo, kile cha kulengea shabaha. Za jeshi zimeandikwa mpaka mita 500, za kiraia nyingi zinafika 1,000. Lakini nani angenielewa?

Mama niliyekaa naye alikuwa na ndoo ya parachichi. Akainuka taratibu na ndoo yake, akaenda kusimama kule mlangoni. Nikajua anashukia Makambako. Nikajitanua.

Konda akaja, heshima zote, mikono ameikunja kifuani. "Shikamoo mzee wangu. Samahani, humo kwenye mfuko kuna nini?"

Nami, Mungu anisamehe, simu sikioni, macho dirishani: "Tulia kijana. Nikimalizana na huyu nitakuonyesha."

Muziki ukazimwa. Mwanzoni nilishukuru, nikasikia vizuri. Baadaye nikagundua nasikia vizuri mno. Hakuna anayekohoa. Hakuna anayetafuna. Mtoto aliyekuwa analia tangu Mafinga amenyamaza. Na katika ukimya ule, kutoka katikati ya miguu yangu: tik, tik, tik, tik. Nilikuwa nimezitia ufunguo tatu kuzijaribu. Kwenye kioo cha dereva nikaona macho mawili hayaangalii barabara kabisa.

Basi likakata kona, likasimama kwenye kituo ambacho si cha mabasi. Mlango ukafunguka, maafande wawili ndani. "Wewe wa dirishani! Simama! Mikono juu!"

Nikanyoosha mikono na simu yangu. Shavu lilikuwa limeshabonyeza spika. Texas yote ikamwagika ndani ya basi: "Kaka, mbona kimya? Huyu nimpige au nimwache?"

Bei, jamani. Alimaanisha apige bei.

Afande ananikazia macho. Jasho linashuka, siwezi kulifuta. Na ndipo mzee mmoja wa viti vya nyuma akaona ni wakati mwafaka wa kuchangia: "Mauser hizo nazijua. Babu yangu alimnyang'anya Zelewski, yule kamanda wa Wajerumani, moja pale vita vya Lugalo."

Ningenyamaza tu. Mtu mwenye akili, mikono juu, angenyamaza. "Haiwezekani, mzee wangu," nikasema. "Lugalo ni 1891. Bastola ya kujipakia ya kwanza kutengenezwa kwa wingi ni ya Borchardt, 1893. Hii ya Mauser imeanza 1896, Zelewski ameshaoza."

"Kumbe mtaalamu kabisa," afande akasema.

Hapo ndipo saa moja ilipolia. Si mlio wa simu, ile kengele ya chuma yenye nyundo katikati, ndani ya mfuko, na za jirani zikatikisika nayo. Basi zima likalala chini. Konda akapitia dirishani. Afande wa pili akarudi kinyumenyume akakaa kwenye ndoo ya parachichi, na chupa yangu, iliyokuwa mapajani, ikaanguka bila kifuniko. Maji ya kunywa. Narudia.

Mengine mafupi. Mfuko ukamwagwa, saa zikahesabiwa, picha zikaangaliwa, maelezo yakaandikwa, afande akavua saa yake akaniuliza mbona inachelewa. Nikamrekebishia bure. Parachichi nikalipa mimi, hata zile ambazo hazikukaliwa. Kinyozi wangu alikuwa kiti cha tatu nyuma yangu muda wote na hakufungua mdomo kusema ananifahamu.

Simu walinirudishia usiku. Texas alikuwa amesubiri, amechoka, amelipa. Picha ya mwisho anaonekana ameinyanyua Mauser yake, anacheka, na kidole gumba kina doa jekundu la rangi ambayo haijakauka. Sasa anataka tugawane hasara, eti simu ilikatika upande wangu.