Kabla ya kumng'oa msimamizi mkali

Aliyesimamia vizuri uanikaji wa karafuu Wete, Pemba, hupewa uenyekiti wa kamati ya kujitolea ya shehia, yaani ya mtaa wake, na haipiti miezi watu wakasema ana jeuri, hajui kuongoza. Hukumu hiyo ni ya haraka mno.

Tuanze na kazi ya jamvini. Karafuu zikishachambuliwa makonyo, yaani vikonyo vyake, hazingoji. Zikilala zimerundikwa hupata joto, huchacha, zikikauka zina weupe na daraja limeshashuka. Jua likiwa zuri zinataka siku 4 hadi 5 za kuanikwa na kugeuzwa, na kilo 3 mbichi hubakisha kama kilo 1 kavu, kwa hiyo kila jamvi lililoloa ni jasho la watu wengi. Wingu likitanda hapaitishwi kikao. Anayepaza sauti "anueni!" ndiye anayewajali wachumaji, hata kama sauti yake haipendezi.

Fred Fiedler, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Marekani, alieleza mwaka 1967 kwa nini kiongozi hufaa kazi moja asifae nyingine. Kiongozi humfikiria mtu aliyemtaabisha kuliko wote kazini, akampa alama 1 hadi 8 kwa kila jozi ya sifa zinazopingana, kama rafiki na asiye rafiki. Akimpa za juu, huyo hutanguliza mahusiano. Za chini, hutanguliza kazi. Kisha hutazamwa mambo matatu: watu wanamkubali? Kazi ina hatua zinazojulikana? Ana madaraka ya kutoa na kunyima? Kwa ndiyo na hapana za maswali hayo zinapatikana hali 8. Mtanguliza kazi hufaa mambo yakiwa yamenyooka sana, kama jamvini, au yamevurugika sana. Katikati hufaa mtanguliza mahusiano.

Kamati ya kujitolea iko hapo katikati. Watu wanapendana, lakini kazi haina mpaka na mwenyekiti hana la kumfanya asiyekuja.

Wapo wanaosema kiongozi abadilike mwenyewe. Paul Hersey na Ken Blanchard, wataalamu wa uongozi wa Marekani, walishika njia hiyo mwaka 1969. Wana hoja, maana alama za Fiedler zimelaumiwa kwa kutoeleweka zinapima nini hasa. Lakini tabia ya mtu mzima haigeuki kwa semina ya siku mbili. Kazi hugeuzika: andikeni nani anashika daftari, nani anakusanya michango na siku gani, mwenyekiti aidhinishe kiasi gani bila kikao. Kamati ikishakuwa hivyo, ukali wake unapata pa kufanyia kazi. Kama hamtaki kuandika, mpeni kiti msikilizaji, na huyo mkali mrudisheni jamvini msimu ujao.