Dola kwa shilingi 129: Kibuye wanashukuru, Kericho wanauliza bonasi

Tangu katikati ya mwaka 2024, dola moja ya Marekani ilitulia kwenye shilingi 129 hivi, na mwaka 2025 wote ikabaki papo hapo. Serikali inauhesabu utulivu huo kuwa ushindi. Huku magharibi mwa Kenya, jibu linategemea umemuuliza nani. Mwenye marobota ya mitumba katika soko la Kibuye, Kisumu, ameshusha pumzi. Mkulima wa majani chai Kericho au Nandi anauliza bonasi yake, yaani malipo ya mwisho wa mwaka ya chai, imeenda wapi. Wote wawili wanasema kweli. Ila mimi naona kishindo cha shilingi iliyozuiliwa muda mrefu ndicho kinachotuumiza kuliko shilingi kuwa dhaifu au imara.

Historia inalionyesha hilo. Shilingi ya Kenya ilipozaliwa mwaka 1966, dola ilikuwa shilingi 7 na senti kidogo, na kwa miaka mingi serikali ndiyo iliyopanga bei. Mwaka 1993 soko liliachiliwa huru, wakati noti zilizomwagwa kuelekea uchaguzi wa 1992 na sakata ya Goldenberg, ya serikali kulipia mauzo hewa ya dhahabu, zilikuwa zimeshaitafuna sarafu. Dola ikapaa hadi karibu shilingi 68. Oktoba 2011 ikafika 107, na Benki Kuu ikapandisha riba yake kutoka asilimia 7 mwezi Septemba hadi 18 mwezi Desemba. Shilingi ilipona, lakini aliyekuwa na mkopo wa duka au wa trekta ndiye aliyelipia dawa hiyo.

Halafu ukaja utulivu mrefu wa shilingi 100 na ushei. Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilisema shilingi ilikuwa juu ya thamani yake kwa takriban asilimia 17. Benki Kuu ilikataa katakata. Miaka michache baadaye Marekani ilipandisha riba, dola zikarudi kwao, na wakopeshaji wakaanza kuhofia kwamba Kenya ingeshindwa kulipa Yurobondi, yaani deni la hatifungani zilizouzwa kwa wawekezaji wa nje, ya dola bilioni 2 iliyokuwa ikiiva Juni 2024. Mapema mwaka 2023 kiwango kilichotangazwa kilikuwa kimoja, na bei ambayo mwagizaji wa bidhaa aliuziwa dola benki ilikuwa nyingine, tena juu zaidi. Kufikia Januari 2024 dola ilipita shilingi 160. Mwezi uliofuata serikali ikakopa dola bilioni 1.5 ili kuanza kulipa deni lile, riba ya Benki Kuu ikafika asilimia 13, na hatifungani ya miundombinu, yaani mkopo wa serikali kutoka kwa wawekezaji, ikatolewa kwa faida ya zaidi ya asilimia 18. Mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu shilingi 130.

Hebu fikiria mtu wa kawaida alivyopita hapo. Familia ya Vihiga inayotumiwa dola 100 na mtoto aliye Marekani ilipokea shilingi 16,000 mwezi Januari, kisha 13,000 kabla ya Pasaka kwisha. Aliyeagiza mzigo dola ikiwa 160 aliufungua dukani ikiwa 130, akauza kwa hasara au akashikilia bei ya zamani. Ndiyo maana bei zilizopanda pamoja na dola hazikushuka nayo kwa kasi ileile. Mara nyingi tunamwita mwenye duka mlafi, kumbe anauza mzigo wa bei ya jana.

Wanaoitetea shilingi imara wana hoja nzito. Petroli, ngano, mchele na dawa tunalipia kwa dola. Hata unaponunua tokeni za stima, ndani yake kuna tozo ya mabadiliko ya fedha za kigeni. Deni la nje nalo huvimba kila shilingi inapodhoofika, bila sisi kukopa hata senti nyingine.

Upande wa pili uko kwenye chai. Mnada wa Mombasa huuza kwa dola. Kilo iliyouzwa dola 2 ilileta shilingi 320 dola ilipokuwa 160. Kwa 129 inaleta 258. Bonasi za mwaka 2025 ziliposhuka na wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wakalalamika, KTDA, shirika linalosimamia viwanda vya chai vya wakulima wadogo, ilitaja kuimarika kwa shilingi kuwa mojawapo ya sababu. Sababu hiyo ni ya kweli, ingawa haitoshi, kwa maana bei ya mnadani na ubora wa majani navyo vina mchango wake. Tena shilingi dhaifu haimwachii mkulima faida yote. Mbolea ya chai huja kwa meli, na lori la kukusanya majani linakunywa dizeli ya dola.

Kuna jambo linalosahaulika sana: shilingi imetulia dhidi ya dola tu. Mwaka 2025 dola yenyewe ilidhoofika duniani, na shilingi ikashuka nayo. Yuro iliyokuwa karibu shilingi 134 mwanzoni mwa mwaka ilipanda hadi 150 hivi. Kwa hiyo shamba la maua la Naivasha linalolipwa kwa yuro lilipata nafuu wakati mkulima wa chai akikaza mkanda. Shilingi ya Uganda nayo iliimarika dhidi ya dola, na anayevuka Busia kununua mahindi akapata kidogo kuliko zamani kwa shilingi zake.

Utulivu wa sasa una msingi kuliko ule wa kabla ya 2022. Akiba ya fedha za kigeni ilivuka dola bilioni 10 mwaka 2025, na Wakenya walio ughaibuni walituma karibu dola bilioni 5 mwaka 2024. Benki Kuu nayo imekuwa ikinunua dola ili kujaza akiba hiyo. Pengine bila ununuzi huo dola ingekuwa chini ya 129, na mkulima wa Kericho angeumia zaidi. Hata hivyo, bei isiyotikisika mwaka mzima inanitia wasiwasi, kwa kuwa tumeshaiona ikiishia kwenye 160.

Ningeomba Benki Kuu itangaze kila mwezi imenunua dola ngapi na kuuza ngapi, kisha iache bei isogee kidogo kidogo, juu au chini. Kiwanda cha chai kinaweza kupangia dola inayopanda shilingi mbili kwa mwaka. Hakiwezi kupangia inayopoteza shilingi 30 kati ya Januari na Machi.