“Lisemwalo Lipo” Haliingii Kwenye Ushahidi

Kila nikipita Mwanjelwa, hapa Mbeya, baada ya kesi, swali ni lile lile: “Wakili, na yule naye unamtetea? Kwani humjui?” Namjua vizuri sana. Ndiyo maana ada yake naichukua kabla sijafungua faili.

Wanaouliza wana hoja. Mama aliyemkopesha mpunga wa Usangu dalali asiyepokea simu anaona pesa zake zimekodi msomi mwenye tai aje kumchanganya kwa maswali. Shahidi wa kijijini naye, akishatoa ushahidi, anarudi kulala nyumba ya tatu kutoka kwa mshtakiwa aliyeachiwa. Hilo silifanyii mzaha.

Lakini mwenye jina baya ana tabu yake: kila kinachopotea ni chake. Ng'ombe akipotea Mbarali, ni yeye. Betri ya lori ikichomolewa Uyole, ni yeye, hata kama usiku huo alikuwa mahabusu kwa kesi ya ng'ombe.

Nilimhoji shahidi mmoja, mtu mwema tu, alimtambuaje mwizi saa nane usiku, mwezi wa Juni, ukungu umeshuka na kila mwanamume kavaa koti na mzula hadi kwenye nyusi. Tochi? Ilikuwa imeisha chaji. Mwizi alisema neno? Hakusema. Sasa ulijuaje ni huyu? Akanitazama kwa huruma: “Wakili, sasa awe nani mwingine?”

Hakimu aliliandika jibu hilo neno kwa neno. Mimi nikakaa.

Tangu shauri la Waziri Amani (jina la mtu, si cheo) mwaka 1980, Mahakama ya Rufani imekuwa ikitaka kujua shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje na kama alimfahamu kabla. Kumfahamu mtu kabla kunasaidia, ila kumfahamu si kumwona. Na ile “lisemwalo lipo, kama halipo laja” tunayoipenda mno, Jamhuri haiwezi kumshtaki mtu kwa wizi ambao bado uko njiani.

Tena sheria ya ushahidi kwa kawaida inamzuia mwendesha mashtaka kuleta habari za tabia mbaya ya mshtakiwa, isipokuwa pale, pamoja na mengine, mshtakiwa mwenyewe anapoanza kujipamba. Kwa hiyo wateja wangu nawasihi: ukipanda kizimbani, usijisifu. Mmoja alianza, “Mheshimiwa, mimi naimba kwaya…” Nikakohoa hadi karani akaniletea maji.

Kinachoninyima usingizi ni yule aliyechukua kweli. Kijiji kinashangilia kwamba za mwizi arobaini zimetimia, na yeye yumo katikati ya umati, pengine ndiye anayepiga vigelegele kuliko wote. Anayesemwa anapelekwa gereza la Ruanda, hapa hapa Mbeya, faili linafungwa. Wiki ya tatu zizi jingine linavunjwa, na safari hii hakuna wa kumsingizia. Hapo ndipo upelelezi unaanza upya, nyayo zimeshakanyagwa na mifugo imeshauzwa mnadani. Mwenye ng'ombe kapata hukumu tu, ng'ombe hana. Anayedhani nimemkosesha haki yake kwa kuuliza habari za tochi aniambie ni haki ipi aliyokuwa ameipata hapo.

Wapo niliowatoa ambao sina hakika nao hata leo. Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia. Haimlazimishi wakili kumwamini. Anayonieleza ofisini siruhusiwi kuyatoa, na akishakiri kwangu siwezi kumpandisha kizimbani aape uongo. Wengi wanalijua hilo, kwa hiyo hawakiri. Wananiambia ng'ombe aliwafuata mwenyewe.

Mwezi uliopita mmoja aliachiwa huru. Jioni akaja ofisini na gunia la mchele, shukrani. Nikamuuliza kalitoa wapi. Alikasirika kweli, akaondoka bila kuaga, ila gunia akaliacha.